Mtumbwi Usioguswa na Moto

Ukingoni, Mloka

Siku ile tuliyouteremsha mtumbwi majini tulikuwepo mimi Mwanaidi, na Pili anayenifuata, na ndugu yetu Athumani, na kitinda mimba wetu Siwema, ambaye alishika nguo yangu mpaka akabanduliwa. Alikuwepo mwalimu wetu wa chuo, niliyemwacha juzuu sijamaliza baba na mama walipokufa, akatusomea Fatiha. Na alikuwepo Bi Tausi, jirani yetu, mwenye mtumbwi. Wengine wote walikuwa porini wakichimba ndiga, viazi vya mwitu, au hawakuwa wamerudi tangu vita vilipopita kwetu. Nawataja kwa sababu wote walisikia neno alilosema Bi Tausi, na neno hilo ndilo lililotuongoza safari nzima.

Rafiki zangu, mmeniuliza kisimani, mmeniuliza shambani, na kila mara nasimulia nusu kisha mtu ananiita. Basi nimeandika. Asiyejua kusoma asomewe. Habari za kwenda kwa jumbe kuomba ruhusa ya kupita naziruka, hazina ladha.

Mnajua tulivyokuwa. Askari walichoma maghala ili wapiganaji wetu wakose chakula, na mpunga wa mbegu ukaungua pamoja na wa kula. Tulikuwa tunaishi kwa ndiga, ile inayolowekwa na kulowekwa mpaka sumu itoke, na bado inakera koo. Lakini mtu huweza kuishi kwa ndiga akijua kuna mavuno mbele. Sisi masika ingekuja na hatuna punje ya kutia ardhini. Mchuuzi wa chumvi ndiye aliyetuletea habari kwamba mama mkubwa Mwanahawa, dada wa marehemu mama, yu hai kule Mbuchi kwenye mikoko, na ana mbegu. Wanaume walikuwa wakikamatwa njiani kubebeshwa mizigo, kwa hiyo Athumani hakuweza kwenda. Nikasema nitakwenda mimi na Pili.

Mtumbwi ulichongwa na mume wa Bi Tausi. Yeye alikamatwa kubeba mizigo ya askari na hajarudi. Nyumba yake ilichomwa, kitanda kikachomwa, hata kinu. Mtumbwi ulipona kwa kuwa Bi Tausi aliuzamisha kwenye matete.

"Chukueni," alisema. "Lakini moto usiuguse. Vyake vyote vimeliwa na moto. Akirudi atakuja na njia ya mto, na kitu cha kwanza atakachotazama ni kigingi hiki cha kuufungia. Aukute."

"Hautaguswa na moto, mama," nikamwambia.

Pili akaninong'oneza, "Dada, unaahidi mambo ya njiani na njia yenyewe hujaiona."

Kushuka mpaka Mtunda

Vuli ilikuwa haikunyesha na mto ulikuwa umekonda. Mara nyingi tulishuka tukausukuma mtumbwi juu ya mchanga kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Viboko walikuwa wamebanana kwenye vidimbwi vilivyobaki, wana hasira, nasi tukawapita kwa mbali huku Pili akiwaamkia, "Shikamooni wazee, hatukai."

Matopeni niliona jambo ambalo sikuwahi kuliangalia. Kombe wa mtoni, wale wanaoishi ndani ya magamba mawili meusi, walikuwa wameacha mifereji midogo kwenye tope, kila mmoja wake, yote ikielekea kule maji yalikokimbilia. Walikuwa wakiyafuata maji kwa mwendo wao. Mingine iliishia majini. Mingine iliishia katikati ya tope kavu, na hapo palikuwa na gamba tupu na nyayo za korongo. Pili akasema, "Hao ni sisi." Nikamwambia apige kafi.

Mtunda tulimkuta Mzee Kisoma, mvuvi, akiinua mgono wake majini. Alitukaribisha, tukala naye perege wa kuchoma kwa asali tuliyombebea mama mkubwa, mseto ambao sikuutegemea lakini ulikubali. Kisha akautikisa mgono wa pili na akaanguka kaa mkubwa wa kijani, mwenye magando kama koleo la mhunzi. Kwetu hatuna kaa wa namna ile. Pili alipanda juu ya gogo.

"Usimwogope, mwanangu, huyu ni mkimbizi kama wewe," Mzee Kisoma akasema. Lakini uso wake haukucheka. "Huyu ni wa mikokoni. Huku hafiki ila mto ukipungua nguvu na chumvi ikapanda. Anaifuata chumvi kama ng'ombe anavyofuata majani. Jazeni vibuyu vyenu hapa hapa."

"Babu, tubebe maji na sisi tuko mtoni?"

"Beba. Watakucheka, wewe utakunywa."

Kibuyu

Chini ya Mtunda, mto unapoanza kugawanyika, tuliitwa kutoka ukingoni. Walikuwa askari wawili, wamefika asubuhi ile kwa njia ya nchi kavu, viatu vyao bado vimejaa vumbi. Mmoja mrefu, Kiswahili chake cha mbali. Mwenzake mfupi, amekaa juu ya jiwe akijipepea.

"Mna nini?"

"Asali, bwana mkubwa, na mikeka. Tunakwenda kwa mama yetu mkubwa."

Akainua kibuyu, akakitikisa karibu na sikio. "Na hii?"

"Maji," nikasema.

Nilipokwisha kulitamka ndipo nilipojua nimesema nini. Mwaka ule watu walikuwa wakienda Ngarambe kuchukua maji ya dawa, wakayarudisha kwao ndani ya vibuyu, wakiamini risasi haitawapata. Aliyekutwa na kibuyu cha namna hiyo alifungwa kamba, na waliofungwa kamba hatukuwaona tena. Yule mfupi aliacha kujipepea.

"Maji ya nini?"

"Ya kunywa."

"Mmekaa juu ya mto mzima," alisema polepole, "na mmebeba maji ya kunywa?"

Pili ndiye aliyesema, na sauti yake ilikuwa ile ile anayomjibia Athumani wanapogombea kijiko.

"Bwana mkubwa, onja mto."

Yule mrefu alimtazama. Akainama, akachota kwa kiganja, akatia mdomoni, na akayatema yote juu ya miguu ya mwenzake. Yule mfupi akaruka, akatukana kwa lugha yao, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Mrefu hakucheka. Alimwamuru Pili anywe kutoka kwenye kibuyu, Pili akanywa. Akangoja kidogo aone kama kuna kitakachomtokea. Kisha akanywa yeye, mafunda marefu ya mtu mwenye kiu ya asubuhi nzima. Kibuyu hicho akakichukua, na nusu ya asali yetu, akatuashiria kwa kidole twende.

Tulipokuwa mbali Pili akasema, "Dada, tumeokolewa na kaa."



Mbuchi

Mama mkubwa alitujua kwa mwendo. Alikuwa shambani, tope magotini, akainuka akaliita jina la mama yetu, kisha akakumbuka, akaketi pale pale topeni akalia. Jioni alitupikia wali, wali hasa, kwa uduvi na nazi. Pili alikula mpaka akashikwa na kwikwi. Kesho yake tuliletewa kaa wa kuchemsha, Pili akamgeuza geuza akauliza, "Huyu huliwa au hufugwa?" Jina la Bibi Mfuga-kaa lilimkaa mpaka tunaondoka.

Mbegu ilikuwepo. Lakini kule wana desturi kwamba mbegu haibebwi na mtu ambaye hajakanyaga tope la shamba ilikotoka, na shamba la mama mkubwa lilikuwa na kazi. Kaa walikuwa wameingia kwenye kitalu chake. Walikata miche kwa magando kama mtu anayekata kucha, wakaiburuta mashimoni mwao. Miche iliyobaki ilikuwa njano kwa chumvi. Ilibidi kitalu kihamishwe juu, kule ambako bado walipatikana konokono wadogo weusi wa maji matamu. Mama mkubwa alikuwa akipekua majani ya ukingoni kwa vidole, akimpata mmoja anasema, "Hapa." Asipompata anasogea.

"Maji yakibadilika hawa hujua kwanza," aliniambia. "Sisi hujua tukishaonja."

Sasa nije kwenye mtumbwi. Siku ya kwanza tu alikuja jirani yake, Mzee Mtupa, fundi wa mitumbwi, akaupapasa wetu ubavuni.

"Huu wa mti mzuri. Bamvua ijayo tutaupandisha mchangani tuubabue."

"Kuubabua vipi?"

Akanieleza. Kule kwao, kila maji makubwa ya mwezi, mtumbwi hupandishwa, makuti makavu huwashwa chini ya tumbo lake, moto ukalamba mbao zote, kisha hupakwa mafuta ya papa. Bila hivyo kuna funza wa baharini anayeingia ndani ya mti akaula.

"Wetu haubabuliwi," nikasema.

"Bibi, moto wa makuti haukai. Unalamba tu na kupita."

"Nimeahidi hautaguswa na moto."

"Umemwahidi nani, samaki?"

Watu wakacheka. Sikucheka. Nikamweleza habari ya Bi Tausi na mumewe, na kicheko kikaisha, lakini Mzee Mtupa aliendelea kutikisa kichwa. Mama mkubwa ndiye aliyekata shauri. Alisema funza wale hawaishi kwenye maji matamu, na nyuma ya nyumba yake kipo kijito ambamo amefulia nguo tangu alipoolewa. Mtumbwi ukalazwe huko. Mzee Mtupa akaridhika. Nami nikaridhika, maana neno langu lingebaki zima na mtumbwi mzima pia.

Tuliupeleka maji yakiwa yanatoka kwenda baharini. Nikayaonja, nikayaona matamu. Lakini kwenye mizizi ya mikoko niliona tondo, konokono warefu wa chumvi, wameshikamana mpaka usawa wa kifua changu.

"Mama mkubwa, na hawa?"

Akawatazama. "Bamvua imewasukuma huku. Watashuka au watakufa. Kijito hiki nakijua."

Tukaufunga hapo. Mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama mwingine. Tulihamisha miche, tukajenga dungu jipya la kulindia shamba, tukafukuza kaa na ndege. Mvua ilikuwa haijaja. Nakiri kwamba zilikuwa siku njema. Tulishiba, tuliimba, na Pili alifundishwa kumshika kaa kwa nyuma.

Siku mama mkubwa alipotupimia mbegu, makapu mawili yaliyojaa, tuliuleta mtumbwi mbele ya nyumba tupakie. Tulipoweka kapu la kwanza maji yakaanza kutoka chini. Hapakuwa na ufa. Yalitoka kila mahali, kama jasho.

Mzee Mtupa akaugonga kwa kisigino cha shoka. Mtumbwi ulio mzima hulia. Ule ulitoa sauti ya mkate. Akabandua kipande, na ndani, chini ya ngozi nyembamba ya mti ambayo nje haikuonyesha ila vitundu vya ncha ya sindano, mlikuwa na njia nene kama kidole, nyeupe, zimepakwa kitu kama chokaa, zimepishana bila kugusana. Akamvuta mdudu mmoja. Alikuwa mrefu, laini, na kichwani ana vigamba viwili vidogo.

"Tazama," alisema. "Tunamwita funza, lakini ni ndugu wa chaza. Huingia akiwa mdogo kama vumbi."

"Kaula mtumbwi mzima na kinywa hicho?" Pili akauliza.

"Wako wengi. Na hawana mahali pengine pa kwenda."

Mama mkubwa alikwenda kijitoni, na maji yalikuwa yanajaa wakati ule, akachota akaonja. Sisi tulikuwa tumeonja yakitoka. Hakuna aliyekuwa ameyaonja yakiingia. Alirudi akaketi.

"Wale tondo walikuja kuniambia," alisema, "na mimi nikawajibia."

Mtu mmoja akauliza kama sasa haifai kuubabua. Mzee Mtupa akasema moto usingekuwa na kazi tena ila kuumaliza. Alichukua msumeno akakata pua ya mtumbwi, kipande cha urefu wa mkono, ambacho hukaa juu ya maji na kilikuwa kizima. Akakifuta kwa nguo yake akanikabidhi.

Kurudi kwa miguu

Mzee Mtupa alitupandisha kwa mtumbwi wake mwenyewe mpaka Mtunda. Askari hatukuwaona tena. Mzee Kisoma alitupokea, akatazama pua ya mtumbwi mikononi mwangu.

"Jana mgono ulikuwa na kaa watatu," alisema. "Leo hakuna hata mmoja. Wameteremka. Na angalieni rangi ya maji."

Maji yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, chumvi inarudishwa baharini, na kaa walikuwa wamejua kabla ya wingu lolote kufika Mtunda. Kwetu Mloka maana yake ilikuwa moja: masika imeanza, na mbegu iko huku.

Tukatembea. Kila mmoja na kapu lake kichwani, nami na pua ya mtumbwi mgongoni. Njiani tulikutana na watu wachache sana. Mvua ilitukuta kwenye kijiji kilichochomwa, tukakimbilia chini ya dungu lililobaki na nusu ya paa. Pili alivua kaniki yake ya juu akafunika makapu, akabaki anatetemeka.

Chini ya dungu lile alikuwepo mama mmoja peke yake, akichoma ming'oko, mizizi ya porini. Alitumegea bila kutuuliza majina. Kisha macho yake yakaenda kwenye makapu.

"Mmebeba nini?"

"Mbegu ya mpunga," nikasema.

"Mbegu, au chakula?"

"Mbegu, mama."

"Basi sikuona," alisema, akageuza uso, akatazama mvua mpaka ilipokatika.

Nilimpa konzi moja ya mbegu. Nilidhani ataitia mdomoni. Aliifunga pembeni mwa nguo yake, fundo juu ya fundo.

Kigingi

Siwema alituona wa kwanza, akaja mbio, akalishika vazi langu pale pale alipolishika siku ya kwanza. Athumani akanipokea kapu, akalipima uzito kwa mikono, akacheka. Bi Tausi alikuwa ukingoni. Yeye hakututazama sisi. Alitazama nyuma yetu, mtoni.

"Uko wapi?"

Nikaweka pua ya mtumbwi miguuni pake, nikamweleza yote, Pili akinikumbusha nilipopunguza. Nilimpa na kile kipande alichobandua Mzee Mtupa. Akatia kidole kwenye njia ya funza, kikaingia chote.

"Na moto haukuugusa?"

"Haukuugusa, mama."

Bi Tausi akaigeuza ile pua, akakwangua chini yake kwa ukucha, akanionyesha. Palikuwa peusi.

"Huu weusi unadhani ni wa nini? Alipomaliza kuuchonga aliubabua mwenyewe kwa nyasi, hapa hapa. Mimi nilisema moto wa askari, Mwanaidi."

Pili akafungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga.

Bi Tausi alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, na sikujua yapi ni ya nini. "Mkaidi kama marehemu baba yako," akasema. "Ukimwambia shika hiki, haachi hata mkono ukatwe." Akainuka, akaifunga pua ya mtumbwi kwa kamba kwenye kigingi. "Mtumbwi si wangu, kwa hiyo mimi siwadai nyinyi. Mwenyewe akirudi mtamweleza habari za hao ndugu wa chaza. Lakini hapa pawe na mtumbwi wa kumwonyesha. Mbegu mmeleta?"

"Tumeleta."

"Basi tupande kwanza. Deni halioti magugu."

Tulipanda siku ile ile mvua ikitunyeshea, Bi Tausi mstari mmoja nasi, na mwalimu wa chuo, na kila aliyerudi kutoka porini. Kila nyumba ilipata kidogo. Sasa mnaona wenyewe, mpunga umetoa masuke, na Siwema ana mashavu. Mto ulipojaa nilikwenda ukingoni nikapekua majani kwa vidole kama mama mkubwa. Konokono wadogo weusi walikuwepo, wengi.

Athumani amekwisha chagua mvule, upande wa pili wa bonde. Ameuzunguka akaugonga, anasema ni mzima mpaka moyoni. Tutaukata maji yakipungua, akipatikana mtu wa kumwelekeza kuchonga, maana mafundi wetu wote walichukuliwa. Kila asubuhi Bi Tausi anashuka kuitazama ile pua inavyoelea kwenye kamba yake, halafu anatazama mto, halafu anapanda kwenda shambani.

Mvule bado umesimama.